Nyumba ya teleka Bweranyange: je, pango linaweza kujengwa?

Video ilikuja WhatsApp bila maelezo. Jengo refu la zege lisilo na dirisha hata moja, tundu moja tu juu ukutani, na ndege wadogo weusi wakiingia humo jioni kwa mamia. Ndani ni giza. Jamaa mwenye tochi na ngazi anabandua kwenye mbao za dari vitu vyeupe, kama vikombe vilivyokatwa nusu. Maandishi ya chini yanasema kilo moja ni maelfu ya dola. Aliyeituma ni mjomba wangu, mwenye ghala tupu la kahawa pale Bweranyange, Karagwe. Dakika mbili baadaye likafuata swali la sauti: “Mpwa wangu, hili ghala tukilipooza kama lile lao, hawa ndege hawawezi kuja?”

Ni swali zuri kuliko linavyosikika mara ya kwanza, hasa kwa sababu ya hilo neno “tukilipooza”. Jibu fupi ni kwamba hawatakuja. Na hata kama wangekuja, shida ya Bweranyange isingekuwa kupooza ghala, ingekuwa kulipasha moto. Sehemu hii ya pili ndiyo inayonivutia, kwa hiyo nitaikalia zaidi. Lakini tuanze na ndege wenyewe.

Hao ni teleka. Mtaani tunawachanganya na mbayuwayu kwa kuwa wote wanadaka wadudu hewani, ila kwa ukoo wako mbali. Ndugu wa karibu wa teleka ni wale ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani mbele ya ua wakifyonza. Miguu ya teleka ni mifupi na dhaifu, hawezi kutua tawini kama ndege wengine. Anaweza kuning'inia tu kwenye kitu kilichosimama wima. Kwa hiyo hashuki chini kuokota majani ya kiota. Anachodaka ni kile kinachopeperuka, na anakigandisha kwa mate yake. Tunao teleka hapa kwetu wanaofanya hivyo. Kuna teleka wa mivumo na minazi, anayebandika manyoya chini ya jani kwa mate, halafu mayai nayo anayabandika, maana jani linayumba na upepo. Na kuna wale wadogo wenye kiuno cheupe wanaojazana chini ya madaraja na kwenye kingo za paa, viota vyao ni vurugu ya nyasi na manyoya.

Yule wa kwenye video ni wa jenasi nyingine, Aerodramus fuciphagus. Dume lake hujenga kiota karibu chote kwa mate matupu, kazi ya mwezi mzima na zaidi. Wachina wamekuwa wakikipika supu kwa karne nyingi. Kilo moja inahitaji viota mia moja na zaidi, ndiyo maana bei inatisha. Teleka wa jenasi hii wanaishi kuanzia kusini mwa Asia hadi visiwa vya Pasifiki. Walio karibu nasi zaidi wako Shelisheli, na wengine Mauritius na Réunion, lakini hao huchanganya mate na vipande vya mimea, ni wachache, na ni wa kulindwa, si wa kuvunwa. Afrika bara hakuna hata mmoja.

Kule Asia wafugaji hufunga spika mlangoni zinazopiga sauti za teleka mchana kutwa. Teleka mchanga anayetafuta mahali pa kuanzia maisha anasikia, anaingia, akipapenda anabaki. Ukifunga spika hiyo Bweranyange, watakaokuja ni majirani, na watakuja kulalamika. Na kuwanunua ukawaleta hakuwezekani, maana teleka hafungwi. Kila siku anatoka kwenda kula wadudu porini na anarudi kwa hiari yake. Anayeitwa mfugaji kwa kweli ni mwenye nyumba. Ndege ni mpangaji.

Pango la tofali

Sasa huyo mpangaji anataka nini? Kwa asili anakaa mapangoni, kama yale ya Niah na Gomantong katika kisiwa cha Borneo. Gizani hutoa mlio wa tak-tak-tak na kusikiliza mwangwi wake, hivyo anajua ukuta uko wapi. Faida ya kuishi gizani ni kwamba maadui wengi hawawezi kumfuata huko. Ufugaji wa majumbani ulianza Java mwishoni mwa karne ya 19, na ulipamba moto Malaysia baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 1997, pale maduka mengi yalipobaki matupu mijini. Watu wakaziba madirisha, wakafunga spika. Huko George Town, Penang, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, jambo hili likawa ugomvi mkubwa, kwa sababu majumba ya kihistoria yalikuwa yakijaa maji, kelele na kinyesi.

Vipimo wanavyolenga ni hivi: joto kati ya nyuzi 26 na 30 za Selsiasi, unyevu wa hewa asilimia 80 hadi 90, na giza karibu kamili. Hewa ikikauka, kiota kinapasuka na kudondoka na yai lake. Ikilowa mno, kuvu inaanza. Na vipimo hivyo visiyumbe, usiku na mchana.

Kwa hiyo wanajenga kuta nene, au kuta mbili zenye nafasi ya hewa katikati. Chini ya paa wanaweka zege au dari nzito. Matundu ya hewa ni mabomba yenye kona, hewa inapita lakini mwanga unagonga kwenye kona unaishia hapo. Tundu la ndege haliangalii jua la alasiri. Sakafuni wanaweka mabeseni au vidimbwi vya maji, ambavyo vinafanya kazi mbili kwa mpigo, maana maji yakigeuka mvuke yanachukua joto kutoka hewani: lita moja huondoka na joto sawa na lile la pasi ya wati 1,000 iliyowashwa kwa dakika 40. Hewa inapoa na inapata unyevu.

Ukuta mnene unafanya nini hasa? Watu husema “unazuia joto”, lakini hiyo si kweli sana. Tofali linapitisha joto, ila linachelewa. Jua likipiga ukuta saa 8 mchana, joto linaanza kusafiri ndani ya tofali polepole, huku kila tabaka likijishibisha kwanza kabla ya kulipa tabaka linalofuata. Kwa ukuta wa tofali wa sentimita 20, wimbi hilo linafika ndani baada ya saa 6 hivi. Kwa sentimita 30 ni karibu saa 10, yaani usiku wa manane. Tena linafika likiwa limechoka. Uso wa nje ukiwa umepanda na kushuka kwa nyuzi 20 kati ya usiku na mchana, hesabu inaonyesha kwamba wimbi lililovuka sentimita 30 za tofali limebaki na chini ya nyuzi 2.

Hapo ndipo ilipo siri, na ndipo mjomba alipoteleza bila kujua. Jengo zito halitengenezi baridi. Linachukua joto la mchana na baridi ya usiku, linazichanganya, linakupa wastani. Basi. Kwenye tambarare za Java au Malaysia mchana ni nyuzi 31 au 32 na usiku 23 au 24. Wastani wake ni 27 na ushee, palepale teleka anapopataka, na hewa yenyewe tayari imelowa. Mjenzi wa kule anakata kilele cha mchana tu, kazi nyingine imeshafanywa na nchi.

Hesabu ya Bweranyange

Nyanda za Karagwe ziko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali pengine zaidi. Mchana wa kawaida ni nyuzi 25 au 26, usiku huteremka hadi 15 au chini yake kidogo. Chukua wastani: 20. Ukimjengea mjomba pango zuri kuliko yote ya Indonesia, kuta nusu mita, dari la zege, mabomba yenye kona, utapata chumba cha nyuzi 20 mwaka mzima. Kwa mtu ni raha kabisa. Kwa teleka wa Asia ni friji.

Tujaribu kulazimisha. Ghala la mita 10 kwa 6, kimo mita 6, lina hewa mita za ujazo 360. Hewa ya nje ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 75 imebeba gramu 13 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Tunataka nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, ambayo ni gramu 23. Pengo ni gramu 10, mara 360, yaani lita 3.6 za maji. Hewa ikibadilika mara moja kwa saa, na lazima ibadilike maana tundu la ndege liko wazi, hizo ni lita 3.6 kila saa. Kuzigeuza mvuke na kupandisha hewa hiyo nyuzi 8 kunahitaji nguvu ya zaidi ya kilowati 3, bila kupumzika, na hapo sijagusa joto linalopotea kupitia kuta na paa. Kwa siku ni uniti zaidi ya 70. Zidisha mwenyewe kwa bei ya LUKU, kisha zidisha kwa 30. Hapo bado hakuna ndege.

Mjomba alipinga, na alikuwa na hoja: “Lakini mle ndani mchana hukai, ni tanuri!” Ni kweli. Ila tanuri hilo si la hali ya hewa, ni la bati.

Bweranyange iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua halitoki mbali na utosi mwezi wowote wa mwaka. Machi na Septemba linakuwa juu kabisa. Kwa hiyo huku kwetu kinachopigwa na jua ni paa kuliko ukuta. Anga likiwa safi, kila mita ya mraba ya paa inapokea wati 1,000 hivi. Pasi moja ya umeme! Ghala la mita 10 kwa 6 lina pasi 60 juu yake. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo, lakini likishazeeka na kushika kutu linameza sehemu kubwa. Na bati ni jepesi mno, mita moja ya mraba ina kilo 2 au 3 tu za chuma, haina pa kuweka joto hilo. Linapanda ndani ya dakika chache, halafu linamwaga joto chini kwa mionzi, moja kwa moja kichwani mwako. Ndiyo maana chini ya bati unaweza kuhisi unaungua ilhali kipimajoto cha hewa kinasema 29.

Usiku ni kinyume. Bati lilelile linamwaga joto kuelekea anga, linapoa kuliko hata hewa inayolizunguka, na alfajiri linatoa jasho na kudondosha matone. Aliyewahi kuhifadhi kahawa au maharage chini ya bati tupu anayajua matone hayo. Paa la aina hii halisawazishi, linazidisha. Mchana linaongeza moto, usiku linaongeza baridi.

Linganisha na msonge. Speke alipofika Bweranyange Novemba 1861, kwenye makao ya Rumanyika, watu wa eneo hilo walikuwa wakiishi katika nyumba za mviringo zilizoezekwa nyasi nene. Nyasi ni nyepesi, hazihifadhi joto kama tofali, lakini zimeshika hewa iliyotulia katikati ya mabua, na hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto. Tofali linachelewesha, nyasi inazuia. Hizo ni kazi mbili tofauti, na fundi anayezichanganya atakuuzia ukuta mnene chini ya bati tupu kisha ashangae kwa nini chumba ni moto. Sisemi turudi kwenye nyasi. Moto, mchwa na kuezeka upya kila baada ya miaka michache si mchezo. Nasema tulipobadilisha paa tulipoteza kizuizi, na wengi wetu hatukurudisha kitu mahali pake.

Kurudisha si ghali sana. Paka bati rangi nyeupe au chokaa, utapunguza jua linalomezwa. Weka dari, hata la matete yaliyokandikwa udongo, likae mbali na bati kwa nusu mita. Acha nafasi ya hewa kwenye kingo na tundu juu kwenye mgongo wa paa, hewa ya moto itoke yenyewe. Kama unajenga upya, pande ndefu za jengo ziangalie kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri likute kuta fupi.

Mpangaji ambaye hukumwalika

Kuna jambo nilimwambia mjomba kwa uzito kuliko hesabu zote hizo. Jengo lenye giza, lenye unyevu, lenye tundu wazi mita tano juu, ukilijenga Kagera si kwamba litabaki tupu. Popo watalipenda. Na mmoja wao ni popo mla matunda wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, ambaye kwa ajabu naye hutoa tak-tak gizani na kusikiliza mwangwi, kwa kugonga ulimi. Makazi yake ni mapango na migodi, na pengine majengo yaliyoachwa. Huyu ndiye anayebeba virusi vya Marburg bila yeye kuugua. Mwaka 2007 magharibi mwa Uganda waliambukizwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, uliokuwa na maelfu ya popo hao, na virusi vyenyewe vikapatikana ndani ya popo wa humo.

Kagera tunaijua Marburg kwa jina. Machi 2023 ilitangazwa Bukoba Vijijini, mara ya kwanza Tanzania: watu 9 waliugua, 6 wakafa. Januari 2025 ikatangazwa tena, Biharamulo, na watu 10 walipoteza maisha. Popo wenyewe si wa kuua. Wanasambaza mbegu za miti na wanachavusha maua, na kuwafukuza kwa fujo kunawatawanya tu. Lakini kuwajengea pango kwa makusudi, kisha kuingia humo na ngazi kukwangua dari, hilo hapana. Kama una ghala tupu tayari, ziba matundu ya juu kwa wavu, ukihakikisha kwanza hakuna popo ndani.

Nyuzi 20 ni mali ya nani?

Badala ya kuuliza namna ya kufikisha ghala kwenye nyuzi 28, tuulize nani anayependa 20. Kuku wa mayai, kwa mfano, hutaga vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 24, na chini ya bati tupu saa 8 mchana hula kidogo na ganda la yai huwa jembamba. Lakini kuku anataka mwanga na hewa kavu, kwa hiyo jengo lake si hili.

Anayefanana na teleka kimahitaji ni uyoga. Sicheki. Uyoga mamama unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 90, mwanga hafifu, hewa inayobadilika, na joto la nyuzi 18 hadi 25. Chakula chake ni majani makavu ya migomba, maganda ya maharage na mabua ya mahindi, vilivyochemshwa kwanza. Nani Karagwe amekosa majani ya migomba?

Rudia hesabu ileile. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 85 ina gramu kama 15 za mvuke. Nje zipo 13. Pengo ni gramu 2 badala ya 10, na hakuna cha kupasha. Pampu ya mgongoni asubuhi na mchana, sakafu ya changarawe iliyoloweshwa, na kuta za udongo zinazonywa na kutoa unyevu polepole, vinatosha kwa siku nyingi za mwaka. Maji hayo yatapooza hewa kidogo, lakini uyoga hauna ugomvi na nyuzi 18. Kazi ngumu itakuwa Juni hadi Agosti, alasiri hewa inapokauka. Hapo matundu ya chini yapunguzwe mchana na yafunguliwe usiku. Mabomba yenye kona ya Wamalaysia yanafaa hapa vilevile, ila yafungwe nyavu za kuzuia wadudu. Na dari ni la lazima, kwa sababu tone moja la bati kila alfajiri pahala pamoja linaozesha mfuko mzima. Ukianza kuvuna vaa barakoa, vumbi la mbegu za uyoga huu hukaa vibaya kifuani.

Kabla ya tofali hata moja, nilimwomba mjomba anunue vipimajoto viwili vya bei nafuu. Kimoja aache kikavu, kingine akifunge kitambaa cha pamba kilicholowa mkiani, avitundike pamoja katikati ya ghala, mbali na bati, na kabla ya kusoma avipepee kwa dakika mbili tatu. Asome saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku, wiki moja wakati wa mvua na wiki moja kiangazi. Kile chenye kitambaa kitaonyesha joto dogo zaidi. Tofauti ikiwa nyuzi 2 kwenye joto la 20, unyevu ni asilimia 80 na kitu; ikiwa 5, ni karibu 60. Saa 8 mchana ikisoma juu ya 27 ndani wakati nje ni 25, tatizo liko kwenye paa, aanze na dari. Saa 12 asubuhi ikisoma chini ya 16 ndani, kuta ni nyembamba au matundu ni makubwa mno usiku, na hayo yana fundi wake na bei yake nyingine.